Wanafunzi 32, mlima Kahuzi, likizo ya Pasaka: nianzie wapi?

Swali: Mimi ni mwalimu wa jiografia katika shule moja ya sekondari hapa Bukavu. Wanafunzi wangu wa darasa la tatu umanite, 32 kwa hesabu, wameniganda tupande mlima Kahuzi likizo ya Pasaka. Wengine wanataka hata Nyiragongo, kwa sababu ya picha za moto walizoziona kwenye simu. Prefe, yaani mkuu wa shule, amekubali, mradi nimpelekee mpango ulioandikwa. Wengi wao hawajawahi kupanda mlima. Nianzie wapi? Na nitajuaje nani aende na nani abaki, bila kumwonea mtu?

Jibu: Mwalimu, Nyiragongo tuiache kando mapema, ili wasiendelee kuiota. Ina mita 3,470, na desturi ni kulala kileleni, kwenye upepo na baridi, mahali ambapo mtoto mgeni wa mlima anaweza kukesha na kichwa kinachogonga na kichefuchefu. Tena ni volkeno hai: imelipuka 1977, 2002 na 22 Mei 2021. Na kwenye mabonde ya huko chini kuna mazuku, ile hewa nzito ya kaboni isiyo na harufu, inayoua mbuzi na hata watu. Kundi linalopanda kwa mara ya kwanza halijifunzii pale.

Kahuzi ni afadhali. Ni volkeno iliyozimika zamani, ina mita 3,308, na kundi lililojiandaa hupanda na kushuka siku ileile. Mlango wake ni Tshivanga, kama kilomita 30 kutoka mjini, mkipitia Miti. Msitu ule ni mbuga ya taifa tangu 1970, uko chini ya ICCN, idara ya Serikali inayosimamia mbuga za Kongo, na hamwingii bila walinzi wa mbuga. Kwa hiyo barua yako ya kwanza iende kwao kabla haijaenda kwa wazazi. Waulize kama njia ya kileleni iko wazi majuma haya, walinzi wangapi watafuatana nanyi, na nani mwenye neno la mwisho la kugeuza safari. Jibu la swali hilo la mwisho liwe mlinzi, si wewe wala prefe.

Usimsikilize mtu anayekuambia kwamba yeye alipanda 2018 na hakuona shida. Tangu vita vilipofika Bukavu Februari 2025, hali ya barabara ile na msitu wenyewe haiwezi kukadiriwa kwa kumbukumbu za zamani. Habari ya mwezi uliopita si habari. Wakisema hapana, basi ni hapana, na usitafute mjomba wa mwanafunzi fulani anayejua kanjia. Mazoezi nitakayokuandikia hapa chini hayatapotea: yanafaa kilima chochote mtakachoruhusiwa.

Sasa Pasaka. Ninakuomba uihamishe tarehe, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo ninapoona makundi mengi yakikosea. Pasaka yetu huangukia katikati ya masika. Njia inakuwa tope, mianzi imelala njiani, na mchana mawingu yanafunga. Lakini tope ni shida ndogo. Mwaka 2016 wanasayansi walitoa hesabu ya radi zilizopigwa duniani kote, zikiwa zimehesabiwa na satelaiti kwa miaka 16. Ya kwanza duniani ilikuwa Ziwa Maracaibo, Venezuela. Ya pili, na ya kwanza Afrika nzima, ilikuwa Kabare. Ndiyo, Kabare yetu hii: radi zaidi ya 205 kwa kila kilomita ya mraba kila mwaka. Na Kahuzi, Mwalimu, kiko hukohuko. Kule juu kabisa miti mirefu imekwisha, ni vichaka na majani tu, kwa hiyo kitu kirefu kuliko vyote kinakuwa kichwa cha mwanafunzi wako.

Kiangazi chetu ni Juni hadi Agosti. Wanafunzi wa darasa la nne wana mtihani wa Serikali, lakini wako ni wa tatu: mwanzo wa Julai, mitihani ikishakwisha, wako huru. Mvua inaweza kunyesha hata hapo, mlima una hali yake ya hewa, ila si kama Aprili. Prefe akikataa kuhamisha, mwonyeshe hiyo namba 205.

Hata Julai wafundishe kuhesabu ngurumo. Ukiona mwanga, anza kuhesabu. Sauti inatembea kilomita moja kwa sekunde tatu hivi. Ukiisikia kabla ya kufika 30, radi iko ndani ya kilomita kumi, na kundi linageuka kushuka palepale, hata kama kileleni kumebaki dakika tano. Msijikusanye chini ya mti mmoja. Mkinaswa mahali palipo wazi, tawanyikeni, mita 15 au 20 kati ya mtu na mtu, ili pigo moja lisiwaangushe wote. Kila mmoja achuchumae miguu ikiwa pamoja, asilale chini. Subirini nusu saa tangu ngurumo ya mwisho. Na aliyepigwa anaguswa, hana umeme mwilini. Kama hapumui, huenda moyo umesimama tu, na kukandamizwa kifua papo hapo kunaweza kumrudisha. Nasema hivi kwa sababu kwetu bado kuna watakaokuambia radi imetumwa na jirani, na aliyepigwa asiguswe mpaka afike mtu wa dawa. Sitaki kubishana na wazee wa mtu yeyote. Lakini wanafunzi wako wajue kukandamiza kifua kabla ya siku ya safari.

Hesabu ya 32 ni kubwa mno. Njia ya mianzini ni ya mtu mmoja mmoja. Weka mita tatu kati ya mtoto na mtoto, una msafara wa karibu mita 100, na wa kwanza hamsikii wa mwisho. Gawa mara mbili, 16 na 16, siku mbili tofauti. Kila 16 wawe na watu wazima watatu, mbali na walinzi: mmoja mbele nyuma ya mlinzi, mmoja katikati, mmoja wa mwisho kabisa ambaye hapitwi na mtoto yeyote kwa sababu yoyote. Angalau mmoja awe mwanamke, na wasichana wajue mapema kwamba yeye ndiye mwenye pedi na ndiye wa kuambiwa.

Huyo wa mwisho nilimjua umuhimu wake kwa kosa langu mwenyewe. Niliongoza kundi la shule moja, watoto 21. Mimi nilikuwa mbele, na mwalimu wao alikuwa mbele pamoja nami akipiga picha. Tulipotoka mianzini tukahesabu: 20. Mtu akasema hesabu tena. 20. Mvulana alikuwa amejitenga kwenda kujisaidia, hakumwambia mtu, akarudi kwenye njia ambayo si yetu, njia ya wanyama. Tulimkuta baada ya dakika 40, amekaa chini, kiatu kimoja mkononi, siafu wamempanda mpaka gotini. Hakuwa analia. Alisema, "Niliwasikia mnaniita, lakini sauti ilikuwa inatoka kila upande." Ndivyo mianzi inavyofanya, inatawanya sauti, na mtoto akiifuata anazidi kupotea.

Tangu siku hiyo kila mtoto ana mwenzake na ana namba. Anayetaka kujitenga anaacha mfuko wake katikati ya njia na mwenzake anasimama kando ya mfuko mpaka arudi. Hesabu inaanzia nyuma kuja mbele, kila mmoja akitaja namba yake kwa sauti, kila mnaposimama na kila njia inapogawanyika. Kila jozi ina filimbi moja: milio mitatu ni "nimepotea, nimekaa palepale". Aliyepotea hatembei. Afundishwe hilo mpaka alichoke.

Mazoezi: una wiki sita kabla ya safari, tumia Jumamosi zote sita. Bukavu imetupa vilima bure, hakuna anayekaa mbali na mpando. Chagueni mmoja, tuseme kutoka ziwani kupanda kuelekea Kadutu au popote palipo salama kwenu, na mpime kwa simu una mita ngapi za kupanda. Watoto wenyewe wapime, wewe ni mwalimu wa jiografia bwana. Jumamosi ya kwanza ni saa moja na nusu, mikono mitupu. Ya tatu, mfuko wenye lita mbili za maji na chakula. Ya tano ndiyo kipimo: mita 600 za kupanda kwa jumla, hata kama ni mpando uleule mara tatu au nne, ndani ya saa tatu, na viatu vilevile vya safari. Mvua ikinyesha siku hiyo, shukuru, msiahirishe isipokuwa kuna radi. Ya sita iwe nyepesi, ni ya kukagua mifuko.

Msisahau kushuka. Watu hufanya mazoezi ya kupanda tu, kisha wanashangaa magoti yanatetemeka wakati wa kurudi. Wengi huanguka wakishuka, mchana, wamechoka na wanaongea habari za chakula. Wafundishe kushuka kwa hatua fupi, goti limekunjwa kidogo, bila kukimbia.

Hapo kwenye mazoezi ndipo swali lako la nani aende linapojibiwa, na hutamwonea mtu kama masharti yaliandikwa ubaoni tangu Jumamosi ya kwanza. Yangu huwa haya: umefika Jumamosi tano kati ya sita, umemaliza kipimo cha mita 600 huku bado unaweza kusema sentensi nzima bila kukata pumzi, karatasi ya mzazi imerudi imejazwa, na hujapata homa ndani ya siku saba za mwisho. Hakuna cha mtoto wa mkubwa, hakuna cha shefu wa darasa. Utaona ajabu: wale wacheza mpira wenye maneno mengi mara nyingi hukimbia mita 100 za kwanza na kukaa chini, na msichana mnyamavu, yule anayebeba maji kila asubuhi, anapanda kama saa ya ukutani.

Mtoto mwenye mwendo wa polepole, kama ametimiza masharti, anaenda, na nafasi yake ni mbele, mgongoni mwa yule mtu mzima anayemfuata mlinzi. Walimu wengi humweka nyuma. Akiwa nyuma, anawafikia wenzake wakati wameshapumzika na wanasimama kuondoka, kwa hiyo yeye hapumziki siku nzima. Akiwa mbele, kundi zima linakwenda mwendo wake, linapumzika naye, na halikatiki.

Karatasi ya mzazi isiwe ya kutia sahihi tu. Iulize wazi: pumu, kifafa, kisukari, moyo, operesheni ya karibuni, dawa anazokunywa, na SS. Hiyo ya SS, selimundu, naitilia mkazo kwa sababu kwetu familia nyingi huificha. Hewa nyepesi ya juu, baridi na kukosa maji ndivyo hasa vinavyoamsha maumivu yake. Mtoto wa SS asipande Kahuzi, hata akikulilia. Mwenye AS, yaani aliyeirithi kwa mzazi mmoja tu, anaweza kwenda, lakini anywe maji vizuri, na asilazimishwe mbio, kwani akizidishwa anaweza kuanguka. Mwenye pumu dawa yake ya kuvuta iwe mfukoni mwake mwenyewe, si kwenye mfuko wa mwalimu aliye mita 50 nyuma. Wazazi waambie majibu utayasoma wewe na mwenzako tu.

Ugonjwa wa mlimani huanza kuonekana juu ya mita 2,500. Watoto wa Bukavu wanaishi karibu mita 1,500, wana faida kidogo, na kwa kuwa mnarudi siku ileile wengi hawatapata zaidi ya kichwa kuuma. Kanuni ni moja: anayeumwa kichwa na pia ana kichefuchefu au anayumba, hapandi tena hata mita moja. Mpe parasetamoli kama una hakika haimdhuru, lakini isiwe tiketi ya kuendelea. Anashuka na mtu mzima.

Kinachowapata hasa ni baridi ya maji. Kutoka ziwani, mita 1,460, mpaka kileleni kuna tofauti ya mita 1,848, na joto hupungua kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000. Bukavu ikiwa na nyuzi 20, kileleni ni kama 9, na hapo hujaongeza upepo wala nguo iliyolowa. Fanya jaribio hili darasani: chovya suruali ya jinzi na suruali nyepesi ya mazoezi kwenye beseni moja, kamua zote, zitundike kivulini. Waguse baada ya saa mbili. Baada ya hapo hutahitaji kumkataza mtu jinzi. Nguo nzuri za mlimani zimejaa kwenye mitumba ya Kadutu: sweta za sufu, jaketi zisizopitisha maji, soksi nene. Kila mtoto awe na sweta moja kavu ndani ya mfuko wa plastiki, isiyovaliwa wakati wa kupanda hata akiona baridi. Ni ya kileleni.

Viatu: usiwatume wazazi kununua viatu vipya vya bei. Bote za mpira na soksi mbili, suruali ndefu juu ya soksi, zinatosha kabisa kwenye tope lile na zinazuia siafu na majani ya kuwasha. Mimi mwenyewe huvaa hizo. Sharti ni moja, ziwe zimevaliwa Jumamosi zote, maana bote mpya inachuna kisigino kabla ya saa ya kwanza kwisha.

Beba shitingi (turubai la plastiki) moja ya mita nne kwa tano. Mvua ikija, watoto 16 wanakaa chini wakibanana, wanaifunika juu yao, na ndani kunapata joto upesi. Ukimwona mmoja anatetemeka, maneno yanamkwama, hawezi kufunga kifungo, basi usimwulize kama yuko sawa, atakuambia ndiyo. Mvue kilicholowa, mvike kikavu, mweke katikati ya wenzake, mpe kitu cha sukari. Akiacha kutetemeka huku akilegea, hali imeharibika, si nafuu; anashuka kwa kipoyi, yaani machela. Kipoyi mnaweza kukitengeneza kwa miti miwili na vitenge viwili, lakini jaribuni kwanza uwanjani shuleni. Mtaona kwamba kumbeba mtoto mmoja kwa nusu saa kunamaliza watu wazima wanne.

Chakula kiwe kile wanachokizoea: viazi vitamu vya kuchemsha, mayai, ndizi, karanga, mandazi. Bugali baridi hailiki kule juu, wamejaribu wengi. Maji lita mbili kwa kila mtu, yaliyochemshwa, na wewe uwe na sukari na chumvi kando: vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko cha chumvi kwa lita moja, vyote vya kusawazisha, kwa atakayeharisha au kutapika. Taka zote zinarudi mjini.

Saa za siku yenyewe zipangwe kuanzia mwisho. Giza linaingia saa kumi na mbili jioni. Mwulize mlinzi mahali pa kuanzia pana mita ngapi, toa kwenye 3,308, ugawe kwa 300: hizo ndizo saa za kupanda kwa kundi la watoto, pamoja na mapumziko mafupi. Kushuka kwenye utelezi huchukua karibu muda uleule, usidanganyike. Saa ya kugeuka ni saa sita mchana, popote mlipofika, kwa sababu ya mvua na radi za mchana. Waambie wanafunzi saa hiyo mkiwa bado shuleni, maana ukiwaambia mlimani wataona umeitunga kwa uchovu wako. Mkifika kabla yake, waonyeshe ua la manjano la Senecio kahuzicus, linalotajwa kuwa la mlima huu peke yake, na wasilichume.

Na wale watakaobaki usiwaache nyumbani. Kama usafiri na walinzi wanaruhusu, waje mpaka Tshivanga na mwalimu wa nne, wakiwa na kipimajoto, saa na daftari. Kundi la juu nalo liwe na kipimajoto cha aina ileile. Kila saa kamili, kuanzia saa mbili asubuhi, pande zote mbili zinasoma nyuzi kivulini na kuandika. Wa chini ndio pia wanaoshika orodha ya majina, namba za wazazi, na saa ambayo kundi lilitakiwa kurudi; ikipita nusu saa bila mtu kuonekana, wao ndio wa kwanza kumwambia mlinzi wa zamu. Mkirudi darasani, toeni nyuzi za juu kwenye za chini, mgawe kwa tofauti ya mita, na mwone kama mnapata ile 6 kwa 1,000 niliyoitaja. Bila namba za waliobaki, hesabu hiyo haifanyiki.